Safu ya Shangazi: Mke wangu kasema nichague, yeye au mawe

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanao wa hapa Dodoma, nina miaka 37, mke mmoja na watoto wawili. Ni mpiga picha. Nina studio ndogo Nkuhungu: katikati ya wiki picha za pasipoti, mwisho wa wiki harusi, sendofu, kipaimara na maulidi. Kazi imenilisha, silalamiki, ila baada ya miaka 13 ya maharusi nilikuwa nimefika mahali naweza kukuambia mama wa bwana harusi atatoa leso dakika ya ngapi.

Mwezi wa tano, mvua zilipokatika, rafiki yangu mmoja alinichukua Jumapili tukatoka nje ya mji. Yeye ni fundi wa minara ya simu, kazi yake ni kuning'inia. Akazunguka nyuma ya jabali, akapanda, akafunga kamba juu, akashuka, akanivalisha mkanda na kofia ngumu, kisha akasema, "Panda, nimekushika." Shangazi, nilipanda. Nilipofika juu mikono ilikuwa inatetemeka kama ya mlevi. Nikageuka nikauona mji wote chini, mabati yanametameta, na vilima vya mawe vimesimama huku na huku kama ng'ombe waliolala. Robo saa nzima sikuinua kamera. Kwa mpiga picha hilo si jambo dogo.

Toka siku ile nikawa mgonjwa wa mawe. Juni mpaka Oktoba nilikuwa natoka kila nilipopata upenyo: pikipiki, kamera, lenzi mbili, godoro la sponji limefungwa nyuma. Nimekwenda Kondoa mpaka Kolo, nikalipia, nikapewa mtu wa kunitembeza kwenye michoro ya miambani, wale watu warefu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu. Nimetoka Chemba mpaka Kwamtoro kwa njia za vumbi na njia za ng'ombe. Nimekwenda Manyoni nikakata mpaka Kilimatinde, nikasimama pale ukingoni mwa Bonde la Ufa asubuhi kabla jua halijatoka. Juni jua letu ni mvivu, linatoka saa moja kasorobo, kwa hiyo nilikuwa na muda wa kunywa chai ya kopo nikisubiri mwanga. Nimenunua petroli ya chupa vijijini, miba ya migunga imenitoboa tairi mara tisa, vumbi limeingia kwenye kamera mpaka picha zikawa na madoa. Vidole vimekwanguliwa na mawe mpaka simu yangu ikakataa kutambua alama ya kidole. Nilikuwa na furaha, Shangazi, ambayo sikuwahi kuwa nayo tangu nianze kazi.

Sasa aibu yangu. Mke wangu nilimwambia kuna shirika limenipa kazi ya kupiga picha za visima vijijini. Na ili aamini, kila mwisho wa mwezi nilitoa kwenye akiba yetu ya kiwanja nikamletea nyumbani kama malipo ya shirika. Harusi mbili nilimwachia kijana wangu wa studio. Moja ilikwenda vizuri. Ya pili picha zimetoka giza, ukumbi wote kama umeme umekatika, na bibi harusi anadai advansi yake, shilingi 400,000. Mpaka leo namkwepa.

Mwezi wa nane nilikwenda peke yangu kwenye jabali moja upande wa Kilimatinde. Rafiki yangu alikuwa kazini, nami nikanunua kamba dukani kwenye vifaa vya ujenzi, ile ya kufungia mizigo. Jabali lenyewe halikuwa la kutisha, limeinama tu kama paa la nyumba, nikapanda na raba bila hata kuigusa kamba. Kushuka ndiyo ikawa kazi. Kila nikitanguliza mguu unateleza. Juu hakuna mti, hakuna mwamba wa kufungia kamba. Simu haisomi mtandao. Jua likazama. Nililala juu pale na shati moja, baridi ya Agosti, nikisikiliza fisi. Asubuhi wakaja watoto wawili wachungaji, wakanitazama wee, wakacheka, kisha wakanionyesha upande wa nyuma ambako mbuzi wao hupita. Hili sijamwambia mtu yeyote. Wewe ni wa kwanza.

Na mwezi wa kumi, kijiji kimoja cha Wilaya ya Bahi, sitakitaja. Niliona jiwe zuri mno. Nikamuuliza mzee mmoja njia ya kulifikia, akaniambia kwa utulivu, "Lile hatupandi." Nikasema ndiyo mzee. Usiku saa kumi nikapanda kwa nyuma, njia ilikuwa nyepesi. Nilitaka tu mawio. Kulipopambazuka nikasikia sauti chini. Walikuwa wazee watano, wamejifunga kaniki, wana kondoo mweusi na kibuyu, na yule mzee wangu yumo. Sikuweza kushuka, sikuweza kukohoa. Nikapiga picha 41. Mojawapo ndiyo picha bora niliyowahi kupiga maishani: kibuyu kimeinuliwa, maji yapo hewani hayajaanguka, vivuli vyao vitano ni virefu kuliko wao.

Hoteli moja imeiona kwenye simu yangu na inaitaka kwa ukuta wa mapokezi, kwa shilingi 1,500,000. Pesa hiyo ingerudisha ya kiwanja yote.

Mwisho, mke wangu kajua. Rafiki yangu aliniweka kwenye stetasi yake nikiwa nimening'inia. Mke wangu akanionyesha simu akaniuliza kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha, "Hicho kisima mnakichimba angani?" Nikakiri habari ya mawe na ya shirika. Alinyamaza, kisha akasema, "Ungesema unakwenda kupanda mawe ningekufungia maandazi." Wiki moja baadaye, alipogundua ya akiba, akasema nichague, yeye au mawe.

Shangazi, niache kupanda? Niuze ile picha nirudishe hela? Na ule usiku nimwambie, au nitamwongezea jeraha bure?

Mpiga picha wa Nkuhungu

JIBU

Marahaba mwanangu.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikacheka pale kwenye kisima cha angani, nikampenda mkeo papo hapo. Mara ya pili sikucheka. Niliiweka chini nikaenda kuchambua mchele kwanza, maana nilitaka kukujibu nikiwa nimetulia.

Marehemu mume wangu alikuwa dereva wa wataalamu wa miamba, watu wa Jiolojia hapa Dodoma. Miaka yote ya ndoa yetu, kiangazi kikianza, nyumba yangu haina baba. Anabeba wataalamu na nyundo zao, wanazurura Ugogo na Unyaturu, wanalala walikokuchwea. Simu za mkononi hazikuwapo. Basi kila alipotoka alichukua kipande cha mkaa jikoni akaandika nyuma ya mlango: kijiji atakacholala, na siku ya kurudi. Maneno mawili tu. "Makanda, Alhamisi." Akirudi anafuta kwa kiganja, kisha kiganja chenyewe anakifutia suruali, nami nafua. Nimegombana naye kwa hizo suruali kuliko kwa jambo lingine lolote. (Kuna safari moja aliandika Manyoni kumbe alikuwa Singida, lakini hiyo ni barua ya siku nyingine.)

Mwaka mmoja mvua iliwahi. Alhamisi ikapita, Ijumaa ikapita. Jumamosi asubuhi nikaenda kazini kwake nikawatajia kile kilichoandikwa mlangoni. Walitumwa watu, wakawakuta kwenye mbuga upande wa Bahi, gari limezama mpaka ekseli kwenye ule udongo mweusi unaoshika kama ugali wa uwele, wote watatu wamekaa juu ya boneti, biskuti zimeisha. Kama pasingekuwa na mlango ule, ningewaambia nini? Kwamba mume wangu yuko magharibi?

Nakueleza haya kwa sababu unauliza kuhusu mawe, na mimi katika barua yako nzima siyaoni mawe kuwa ndiyo kosa. Mimi naona mtu asiyeaga. Hukumwaga mkeo. Hukumwaga bibi harusi aliyekulipa wewe, siyo kijana wako. Ulipolala juu ya jabali Agosti hakuna mtu duniani aliyejua ulipo, na kama wale watoto wangepeleka mbuzi upande mwingine siku ile, leo ningekuwa nasoma barua ya mkeo, siyo yako. Na yule mzee wa Bahi ulimwaga kwa uongo, kitu ambacho ni kibaya zaidi ya kutoaga.

Tuanze na nyumbani. Mwanamke aliyesema "ningekufungia maandazi" hajakuambia uchague kati yake na mawe. Aliyasema hayo maneno ya kuchagua wiki moja baadaye, baada ya kuona akiba, na wewe mwenyewe umeyaandika kwa mpangilio huo bila kuyaona. Fikiria amekaa sebuleni, ameshika noti, anakushukuru kwa malipo ya shirika, kumbe ni hela zake. Umemlipa mkeo mshahara kutoka kwenye mkoba wake mwenyewe! Mimi ningekuwa yeye nisingeuliza habari ya kisima kwa upole.

Kwa hiyo kaa naye, watoto wakiwa wamelala. Usianze na mawe jinsi yalivyo mazuri, hataki kusikia bado. Anza na hesabu. Andika kwenye daftari umetoa kiasi gani, mwezi gani, na utarudisha kwa kazi ipi. Desemba hii ina harusi, na wanaotaka picha za familia wakati wa sikukuu ni wengi. Advansi ya bibi harusi irudishe yote, wiki hii, hata kama ni kwa kuuza lenzi moja. Unazo mbili. Usimtume kijana wako. Nenda wewe, uombe radhi, umwambie kwamba zile picha za giza bado unaweza kuzifanyia kazi kwenye kompyuta bila malipo kama anazitaka. Siku yake ya harusi hairudiwi. Wewe unayejua dakika ya kutoa leso unalijua hilo kuliko mimi.

Kisha mwambie ya ule usiku. Unaniuliza kama utamwongezea jeraha. Utamwongezea, ndiyo. Lakini mkeo kashajua kwamba unaweza kudanganya miezi mitano bila kupepesa, kwa hiyo sasa anakaa anajiuliza bado kuna nini. Akija kulisikia kwa mtu mwingine, na wale watoto wachungaji wana midomo, hapo ndipo utachaguliwa wewe, siyo kuchagua. Mwambie kama ulivyoniambia mimi, pamoja na mbuzi. Sehemu ya mbuzi usiiruke. Atacheka, hata akiwa analia.

Sasa kuhusu kupanda kwenyewe. Sitakuambia uache. Kwanza hutaacha, utanidanganya na mimi. Pili, mtu aliyepiga picha miaka 13 kisha akasimama robo saa bila kuinua kamera amepata kitu ambacho wengine tunakitafuta kanisani na msikitini. Lakini sikutaka kukujibu kwa kubahatisha, nikampigia mpwa wangu anayefanya kazi za kamba, naye akanishika sikio dakika arobaini. Ninayokumbuka ni haya.

Kamba ya kufungia mizigo si kamba ya kubebea mtu. Kamba ya wapanda miamba imesukwa ivutike kidogo mtu anapoanguka, ili mshtuko uishie kwenye kamba badala ya kuishia kiunoni. Hata ile ya rafiki yako wa minara, anasema nyingi zimetengenezwa zisivutike, kwa hiyo zinafaa ikiwa kamba imefungwa juu yako na kukazwa muda wote kama alivyokufanyia siku ya kwanza. Siyo upande nayo ikiwa chini yako ukitegemea ikudake. Halafu jabali lililoinama, hilo ulilodharau kwa kuliita paa la nyumba, ndilo linalowanasa wengi, kwa sababu ukipanda macho yako yanaona pa kukanyaga, na ukishuka tumbo lako limeziba kila kitu. Kanuni yake: usipande hatua ambayo hujui utaishukaje. Zunguka kwanza jabali zima kwa miguu. Ungezunguka, ungeiona njia ya mbuzi.

Nami nina la kwangu la kuongeza, nililolipata kwa marehemu. Majabali yetu haya ya katikati ya nchi ni ya kale mno, wataalamu wanasema zaidi ya miaka bilioni 2.5, na yanabanduka ganda kwa ganda kama kitunguu. Ganda lililobanduka linaweza kukaa pale miaka na miaka likisubiri mtu wa kulikanyaga. Marehemu alikuwa akifika kwenye jiwe analigonga kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayebisha hodi. Likijibu kavu na fupi, ko, ni zima. Likijibu bu, kama ngoma, ndani pana uwazi, usiweke uzito wako hapo. Alinifundisha siku moja kwenye jiwe la uani kwetu na mpaka leo naligonga nikipita na ndoo. Bado ni zima. Angalia pia nyufa: nyuki wetu hawasubiri mizinga, wanakaa humo, na ukiwa umening'inia huna pa kukimbilia. Ukiona nyuki wanaingia na kutoka kwenye ufa, tafuta jiwe jingine. Koboko naye hupenda mapango ya mawe kwa sababu ya pimbi. Hili wazee wa Kigogo watakuambia bila kulipwa, ukiwauliza.

Na hapo ndipo tunapofika kwa mzee wako.

Kolo ulikwenda vizuri. Ulilipia, ukapewa wa kukutembeza, na naamini hukugusa michoro wala hukuimwagia maji ili ing'ae kwenye picha, kama wafanyavyo wapumbavu. Mahali pale paliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, na siyo kwa ajili ya uzee wa michoro peke yake. Sababu nyingine ni kwamba wenyeji bado wanafanya matambiko yao humo, ya mvua na ya tiba. Ulipaheshimu. Kisha ukaenda Bahi, kwenye jiwe la aina ileile, kwa watu wenye haja ileile, na mlinzi wa jiwe akakuambia kwa mdomo wake maneno mawili, "Lile hatupandi." Tofauti ilikuwa nini? Kolo pana kibao na stakabadhi. Bahi palikuwa na mzee tu.

Huenda unajiambia ni ushirikina wa wazee. Sawa, mimi mwenyewe nasali, siendi kwenye mawe. Lakini mvua yetu ya mwaka mzima hapa ni kama milimita 550 hadi 600, na ikichelewa wiki tatu uwele unakufa ardhini. Mabibi zetu walihesabu umri wa watu kwa Mtunya, njaa ile ya 1917 hadi 1920, vita vya Wazungu vilipokomba ng'ombe na chakula na wabebaji, kisha ukame ukamalizia. Aliyezaliwa kabla ya Mtunya, aliyezikwa kwenye Mtunya. Mzee anayeshika kibuyu alfajiri ya Oktoba anashika hofu hiyo, aliyorithishwa. Wewe ulikuwa juu yake umeshika kamera. Hakujua kama anatazamwa. Hata angekuwa anasali rozari, ingekuwa ni kitu kilekile.

Kwa hiyo picha usiiuze. Najua sheria ya hakimiliki inasema picha ni ya aliyepiga. Lakini ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, nayo inahesabu imani ya mtu kuwa miongoni mwa taarifa nyeti, na hao wazee sura zao zinaonekana. Sikutishi na mahakama. Nakuambia tu kwamba hata hao wenye hoteli wangeuliza swali moja la maana, "wenyewe wamekubali?", usingekuwa na jibu. Na kusema kweli, mapokezi ya mahoteli yetu yamejaa wazee wa watu, wamening'inizwa juu ya kochi, hakuna anayejua majina yao. Waambie hoteli una nyingine. Unayo ile ya Kilimatinde jua likitoka juu ya bonde. Piga mashamba ya zabibu. Piga hayo majabali kama ng'ombe waliolala, maneno yako hayo, mazuri kuliko ulivyojua ulipoyaandika.

Kisha urudi Bahi. Usiende na picha iliyochapishwa kama mtu anayeleta sampuli. Nenda mikono mitupu, upitie kwa mwenyekiti wa kitongoji, umwambie umekuja kwa mzee fulani na una kosa. Ukifika, "mbukwa" yako, salamu ya Kigogo, iwe ya polepole, ukae chini ulipoonyeshwa, na uyaseme yote: kwamba ulikatazwa, ukapanda, ukaona, ukapiga. Watakutoza. Mbuzi, au kondoo, au kitu cha kusafishia jiwe lao, siwezi kukuambia. Lipa, usibishane bei, hapo si sokoni. Wakikuambia ufute, uifute mbele yao, na zile 40 nyingine, na ile uliyohifadhi mtandaoni ambayo hujaniambia lakini najua ipo. Itakuuma. Bora ya maisha yako, umesema. Basi utajua kwamba uliwahi kuipiga, na mkono ulioipiga bado unao. Wakisema ubaki nayo, baki nayo nyumbani, isitoke tena kwenye simu kuonyeshwa wenye mahoteli.

Mchukue mkeo kwenye hiyo safari akikubali. Siyo kama shahidi. Wazee wanamsikiliza tofauti mtu aliyekuja na mke wake, na yeye naye ataona kwa macho yake hayo mawe yaliyokuwa yanamwibia mume. Asipokubali usimlazimishe. Lakini mwachie jina la kijiji na siku ya kurudi, yameandikwa mahali anapopita kila siku. Nyumba za siku hizi jiko ni la gesi, hamna mkaa, basi hata kalamu ya watoto itafaa.

Rafiki yako wa minara usimgombeze kwa ajili ya stetasi. Kakusaidia. Muombe tu akufundishe mafundo vizuri, na msipande mkiwa chini ya wawili.

Ile kamba ya vifaa vya ujenzi ikate vipande viwili. Kimoja mpe mkeo aanikie nguo, kingine ufungie godoro kwenye pikipiki.

Shangazi yako